Maswali ya Karakana: Kulanti Ipi Inalifaa Jiwe la Grinda?

SWALI: Mhandisi, pokea salamu zangu. Nina karakana ndogo karibu na Barabara ya Lunga Lunga, Eneo la Viwanda, ambapo tunasaga krankshafti (mihimili mikuu ya injini) za matatu na malori kwa grinda yenye jiwe la oksidi ya alumini. Miaka yote tumetumia mafuta yale yale ya kukatia tunayotumia kwenye leth (mashine ya kukerezea chuma), tukiyachanganya na maji kwa kukadiria kwa macho. Siku hizi shingo za krankshafti (sehemu za mviringo zinazokaa kwenye beringi) zinatoka na madoa ya kahawia, tangi linanuka kila Jumatatu asubuhi, na muuzaji mmoja amenishauri niachane na maji kabisa, ninunue mafuta matupu. Je, nimfuate?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usimfuate kabla hatujalitazama lile doa la kahawia, kwa sababu hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko harufu na kuliko bei.

Kisu cha leth hukata chuma kwa ncha moja kali, na sehemu kubwa ya joto huondoka na vipande vya chuma vinavyonyolewa. Jiwe la grinda ni tofauti. Lina maelfu ya chembe, nyingi zikiwa butu kiasi, na kila chembe husugua na kukwangua kabla haijakata, kwa hiyo karibu nguvu yote ya mota hugeuka joto, na kwa jiwe la oksidi ya alumini sehemu kubwa ya joto hilo huingia ndani ya kazi yenyewe. Doa la kahawia au la buluu ni ngozi nyembamba iliyozuka pale chuma kilipopata moto kupita kiasi. Fundi anaweza kupitisha jiwe polepole mara mbili tatu, doa likafutika na shingo ikang'aa, huku ugumu wa chuma chini yake umekwisha kupungua au nyufa ndogo zimekwisha kuanza. Krankshafti ya namna hiyo itapimwa kwa maikromita, itaonekana sawa, itafungwa kwenye injini, na itakuja kukatika gari likiwa limejaa abiria. Ndiyo maana nasema kulanti ya grinda, yaani kimiminika cha kupoza na kulainisha wakati wa kusaga, si jambo la kuachiwa kijana wa kufagia.

Sasa nije kwenye ushauri wa muuzaji. Mafuta matupu yana sifa ya kweli: yanalainisha kuliko kitu chochote kilichochanganywa na maji, jiwe linadumu, na uso unatoka laini. Tena, maji yakizidiwa na joto pale jiwe linapogusa chuma, huchemka na kuacha utando wa mvuke unaozuia kupoza, ilhali mafuta huvumilia hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa uzito ule ule, hata hivyo, maji hubeba joto takriban mara mbili ya mafuta, na krankshafti ndefu inayopashwa moto taratibu kwa saa nzima hujikunja na kuharibu vipimo. La kukatisha shauri ni kwamba mafuta matupu yanataka mashine iliyofunikwa pande zote, yenye kifaa cha kunyonya ukungu wa mafuta na cha kuzima moto, kwa kuwa ukungu huo ukikutana na cheche unaweza kulipuka. Grinda nyingi za krankshafti ninazoziona mjini ziko wazi kabisa. Ikiwa yako ni mojawapo, mafuta matupu hayakufai, na muuzaji alipaswa kuuliza hilo kwanza.

Ninachokupendekezea ni kulanti ya nusu-sintetiki iliyotengenezwa kwa ajili ya kusaga, yaani ile inayotoa mchanganyiko unaopenyeza mwanga kidogo, wenye mafuta machache kuliko ule mweupe kama maziwa mnaoutumia sasa. Ile ya maziwa hulainisha vizuri, lakini hushika unga wa chuma na wa jiwe na kuuzungusha tena hadi kwenye kazi, na mafuta yake ni chakula cha bakteria. Ile ya sintetiki kamili, iliyo angavu kama maji, hupoza na kuangusha uchafu upesi, ila hulainisha kidogo zaidi, na nyingine huacha mabaki ya kunata kwenye njia za mashine, yaani reli ambazo meza yake huteleza juu yake. Kwa chuma kigumu, jiwe la kawaida na mashine iliyo wazi, ya katikati ndiyo ninayoiamini.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Kwa kusaga, wasambazaji wengi hutaka asilimia 3 hadi 5. Tangi la lita 200 kwa asilimia 4 linahitaji lita 8 za kulanti na lita 192 za maji, na ni lazima kulanti imiminwe ndani ya maji huku ukikoroga, kwani ukifanya kinyume unapata uji mzito usiochanganyika tena. Nunua refraktomita, kile kijidarubini cha mkononi ambacho unaweka tone moja kwenye kioo, unakielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kusoma mstari wa kivuli. Namba unayoisoma bado si asilimia. Izidishe kwa kizidisho kilichoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa. Kama kizidisho ni 1.5 na umesoma 3, una asilimia 4.5. Jua la mchana linapopunguza tangi, kinachopotea kwa mvuke ni maji peke yake, kwa hiyo ongezea mchanganyiko hafifu wa asilimia 1 au 2, kisha pima tena.

Kuhusu maji yenyewe, mengi ya mfereji hapa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye miteremko ya Aberdare, nayo ni laini, yaani yana madini machache. Maji laini hayasumbui mafuta, lakini hutoa povu kwa urahisi, basi muulize muuzaji kulanti isiyopenda povu. Hatari zaidi ni maji yanayoletwa na lori wakati wa mgao, kwa kuwa hujui yamechotwa kisima gani, na chumvi zikiwa nyingi utapata kutu hata kama kipimo chako ni sahihi. Mwombe muuzaji ajaribu chupa moja ya maji yako kabla hujalipa.

Harufu ya Jumatatu ni bakteria wasiohitaji hewa. Mashine ikizimwa Jumamosi mchana, mafuta ya njia za mashine huelea juu ya tangi na kulifunika kama mfuniko, hewa haipiti, nao huzaliana kwa raha. Ondoa mafuta hayo kabla ya kufunga karakana. Pima pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, kwa karatasi za kawaida. Ikae kati ya 8.5 na 9.5, na ikianza kushuka ujue bakteria wamekwisha kukutangulia. Kumwaga kulanti mpya juu ya tangi lililooza ni kupoteza pesa, kwa maana mpya itaoza ndani ya siku chache. Toa yote, kwangua matope, safisha mabomba kwa dawa ya kusafishia tangi, ndipo ujaze. Ile ya zamani usiimwage kwenye mtaro, ambao pale kwenu huishia Mto Ngong. Mpe msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Kulanti nzuri isipofika pale jiwe linapogusa chuma ni sawa na kutokuwa nayo. Jiwe linalozunguka kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde huvuta upepo kandokando yake, na upepo huo husukuma pembeni mmiminiko dhaifu. Ili kulanti itoke kwa kasi hiyo inahitaji shinikizo la takriban baa 4.5 kwenye nozeli (mdomo wa kutolea kulanti), ambalo pampu nyingi ndogo hazina. Kama huwezi kubadilisha pampu, funga kibati karibu kabisa na uso wa jiwe, juu kidogo ya nozeli, kivunje upepo, na uhakikishe mdomo wa nozeli ni mpana kama jiwe. Nimeona madoa ya kahawia yakitoweka kwa kibati hicho tu, kabla hata ya kubadilisha kulanti.

Tena, mwishoni mwa kazi, funga kulanti kwanza na uache jiwe lizunguke dakika chache litoe maji. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi katika karakana moja hapa mjini, tuliacha kulanti ikitiririka juu ya jiwe lililosimama muda wote wa chakula cha mchana. Jiwe lilinyonya maji upande wa chini, likawa zito upande mmoja, na tulipoliwasha mashine ilitetemeka hadi kikombe cha chai kilichokuwa juu ya kabati la vifaa kikaanguka na kuvunjika. Msimamizi alikata umeme kwa kukimbia. Jiwe lingeweza kupasuka, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

SWALI: Ninanoa meno ya misumeno, yale ya kabidi ya tangsteni (madini magumu sana), hapa Kariobangi Light Industries, kwa jiwe la almasi lililofungwa kwa resini (gundi ngumu). Mzee aliyenifunza alitumia maji yenye magadi. Je, yana ubaya?
Fundi, Nairobi

JIBU: Ndugu fundi, mzee wako hakukosea kwa wakati wake. Magadi huzuia kutu kwenye chuma, na kwa mawe ya zamani yaliyochomwa kama vigae yalitosha, ingawa hayalainishi hata kidogo na huacha ukoko mweupe kwenye njia za mashine. Kwa jiwe lako, hata hivyo, yanaharibu. Kiwango cha pH cha maji ya magadi hufika karibu 11, na alkali kali namna hiyo hudhoofisha resini, kisha chembe za almasi ulizozinunua kwa bei hung'oka kabla hazijafanya kazi.

Lipo pia jambo la afya. Chembe za kabidi hushikanishwa kwa metali iitwayo kobalti, na kulanti isiyofaa huiyeyusha kobalti hiyo, hivyo meno hudhoofika, na wewe unagusa na kuvuta ukungu wenye kobalti, ambayo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Tafuta kulanti ya sintetiki iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya kusagia kabidi na kwamba inazuia kobalti kuyeyuka, yenye pH isiyozidi 9. Maji ya tangi yakianza kugeuka rangi ya waridi au zambarau, kobalti imekwisha kuingia. Yabadilishe siku hiyo hiyo, na uvae glavu unapoyatoa.