Kaseti ya "Queen, Wembley": ni ya mwaka gani?

Pole kwa msiba, dadangu. Umesema marehemu mjomba kakuachia kaseti iliyoandikwa "Queen, Wembley" tu (Queen ni ile bendi ya roki ya Uingereza), bila tarehe, nawe wataka kujua ni onyesho lipi.

Usiitie kwenye redio kwanza. Kaseti iliyokaa Mji wa Kale miaka yote hiyo imeshiba unyevu wa bahari. Tazama utepe kwenye kile kidirisha. Ukiona weupe kama unga, huo ni ukungu, mpelekee fundi. Ikiwa safi, izungushe polepole kwa kalamu ya Bic hadi mwisho, kisha irudishe.

Sasa sikiza. Uwanjani Wembley, London, Queen walipiga kwenye Live Aid, lile tamasha la hisani, 13 Julai 1985, wakarudi 11 na 12 Julai 1986. Live Aid walipewa kama dakika 20 tu: Freddie Mercury, mwimbaji wao (mzaliwa wa Unguja, jirani yetu kabisa), aanza na piano, "Bohemian Rhapsody", na kabla ya sehemu ya opera wanaingia "Radio Ga Ga". Ukisikia "One Vision", hiyo ni 1986, maana wimbo ulitoka Novemba 1985.

Lakini kuna pia ukumbi wa Wembley Arena, walikopiga 1978, 1980 na 1984. Ukimsikia Freddie akiimba "Imagine" ya John Lennon, itunze sana: waliiimba 9 Desemba 1980, siku moja baada ya Lennon kuuawa.

Sauti ikiwa nyembamba, usiamue kwa hiyo. Kaseti ya kunakiliwa hubadilika kasi. Niandikie nyimbo tatu za kwanza, kwa mpangilio wake.