Mzee ana sukari na meno hana, huko makao ya wazee atakula nini?

Dada umesema babu jirani yenu hapo Lindi hana ndugu, afisa ustawi anataka apelekwe makao ya wazee, na we roho inasita kwa vile ana sukari na meno yameisha. Nimepika makao ya wazee huku Mtwara miaka minne, wapi sitataja, ngoja nikwambie nilichokiona jikoni.

Njaa ya kukosa kabisa sijaiona. Nilichokiona ni sufuria moja kwa watu wote. Leo ugali maharage, kesho wali maharage, na wazee wako 30 kila mmoja na maradhi yake. Mwenye presha anawekewa ng'onda (samaki mkavu) ya chumvi sawa na mwenzie, asiye na meno anamega ugali anaumung'unya weee mwisho anatema, sahani inarudi imejaa halafu watu wanasema bibi hana hamu ya kula. Hamu anayo, kutafuna ndo hawezi.

Ila kwa mwenye sukari angalia sana saa za kula. Kwetu chakula cha jioni kilikua kinatoka saa 11 maana wapishi tunawahi kurudi makwetu, na uji saa 3 asubuhi. Hesabu mwenyewe, masaa 16 tumbo tupu. Kulikua na bibi mmoja wa Kimakonde, mhudumu wa usiku anampa vidonge vya sukari saa 12 asubuhi kabla hajatoka zamu, na vile vidonge vinashusha sukari, huku jikoni hata moto haujawashwa. Siku hiyo nafika namkuta kalowa jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki, wenzie wanasema mashetani yamempanda. Mimi mama yangu alikua na sukari nikajua hapo hapo. Nikakoroga maji ya sukari nikamkalisha nikamnywesha taratibu, kama robo saa hivi akaniita jina langu. Nililia siku ile jamani. (Alikua bado anameza, mtu akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.) Tulienda nae kliniki wakatupangia dawa iende pamoja na chakula, na tokea hapo uji ukawa unatoka saa 12 na nusu, na saa 2 usiku kila mzee mwenye sukari anapata kikombe cha uji wa ulezi bila sukari. Hela haikuongezeka hata shilingi, ni zamu za jikoni tu tulibadilisha.

Kingine ni stoo. Watu wakija Idi au Krismasi wanaleta mchele, sembe, sukari, mafuta, na Mungu awalipe, lakini hivyo vyote ni wanga, sukari na mafuta tu, samaki na mayai haleti mtu kwa sababu vinaoza. Kwahiyo stoo imejaa na mzee anaisha nyama mwilini, wakati mtu mzima wa umri ule anahitaji kama gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zaidi hata ya kijana. Tulichofanya tulinunua korosho zilizovunjika, hizo bei yake rahisi, tunazitwanga tunatia kwenye uji. Mbaazi tunachemsha mpaka zinapondeka kwa mwiko, changu tunamtoa miba wote tunamvuruga kwenye mchuzi, na mlenda unasaidia ugali kuteleza. Wale waliokua wanarudisha sahani walikula.

Maji nayo wakumbushwe, mzee hasikii kiu kama sisi na wengine wanajinyima makusudi wasiamke usiku kwenda chooni.

Sasa we kabla hujakubali nenda kule siku ya kawaida, sio sikukuu, fika saa za chakula cha mchana na angalia sahani zinavyorudi jikoni. Uliza uji wa asubuhi saa ngapi na nani anagawa dawa. Uliza wazee wanapimwa uzito kila mwezi au hapana, maana anayepungua mnamuona kwenye mizani kabla ya macho. Ongea na mpishi mwenyewe, msimamizi atakuonesha ratiba ya ukutani.

Na kadi ya kliniki ya sukari ya babu msiisahau. Sisi tulipokea wazee wengi bila kadi, tukaja kujua wana sukari wakati vidonda vya miguu vimeshaanza.