Mpinzani anayeficha karata kali

SWALI: Kwenye poka ya Texas Hold'em kuna mchezaji asiyepandisha dau hata akiwa na karata kali. Anafuata tu (analipa dau lililowekwa bila kuongeza), kisha mwishoni anafunua jozi mbili, na jozi yangu ya ree inalala. Nimchezeje?

JIBU: Usiache kuweka dau kwa kumwogopa. Mchezaji wa aina hii hufuata hata kwa jozi dhaifu, na hapo ndipo faida yako ilipo. Ukiwa na jozi ya juu, weka theluthi mbili za fungu la mezani (dau zote zilizokwisha kuwekwa) baada ya karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani, na tena ya nne ikifunuliwa. Kwenye ya tano, tulia. Kama wewe ndiye wa mwisho kuamua, weka dau ikiwa tu unaishinda zaidi ya nusu ya mikono atakayofuata nayo. Kopa ya tatu ikitokea mezani, pita bila kuweka dau: huenda ana kopa tano, zinazoshinda jozi yako.

Akipandisha ghafla kwenye karata ya nne au ya tano, tupa jozi yako, hata ya ree! Asiyepandisha na jozi mbili ana kubwa zaidi. Wala usimtishe kwa dau tupu; hatupi karata.

Upole wake pia hukuuzia karata kwa bei ndogo. Fungu lina 1,000, anaweka 200: unalipa 200 kushindania 1,200, hivyo nafasi ya kushinda ya asilimia 14 (200 kati ya 1,400) inakutosha. Ukingoja kopa ya tano na imebaki karata moja, kopa ni 9 kati ya karata 46 usizoziona, karibu asilimia 20. Fuata.