Kiwanja cha Kibaha usikiuze, na fundi msimamishe leo

Mkuu, mpigie fundi wako simu sasa hivi, mwambie kesho asiweke tofali hata moja. Ukimaliza, mpigie na dalali wa hicho kiwanja cha Kibaha, mwambie biashara haipo.

Umeuliza mengi kuhusu kugombea udiwani: fomu zinachukuliwaje, uhamishe familia au uwaache Dar, uanzeje kujulikana nyumbani kabla ya uchaguzi wa 2030. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukasema umeshaanza kujenga madarasa mawili kwa hela yako kwenye shule uliyosoma, na kwamba kiwanja kitauzwa na mkeo "ataelewa tu". Hayo ya mwanzo wapo watakaokujibu. Mimi nimekwama hapo kwenye "ataelewa tu". Nimesoma mara tatu na moyo unanienda mbio, maana hiyo njia nimeipita na mke wangu nikiwa nimemkokota nyuma.

Nilikuwa diwani huku Usambara, 2015 hadi 2020. Kabla ya hapo tulikuwa na duka la pembejeo: mbolea, mbegu, dawa za nyanya na hoho, pampu za kupulizia. Mimi nilifuata mzigo, mke wangu alikaa kaunta. Duka hilo lilijenga nyumba tunayoishi na lilisomesha watoto. Sheria inataka mgombea udiwani awe na njia halali ya kujipatia kipato. Njia yangu ilikuwa hiyo, na ndiyo niliyoibomoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuapishwa nilifungua mlango nikakuta watu tisa barazani. Mmoja ana mgonjwa, mmoja ana msiba, mmoja mwanawe kapata nafasi ya chuo na ada hana, wengine wamekuja kunisalimia tu. Mke wangu akainjika chai. Kesho yake walikuwa kumi na wawili. Kilo ya sukari iliyokuwa inatukalisha wiki ikawa haimalizi siku mbili. Nilifurahi, nisikufiche. Nilidhani huko ndiko kupendwa.

Sasa ikaja Januari 2016, elimu bila ada imeanza. Watoto wa darasa la kwanza walimiminika kuliko ilivyowahi kuonekana. Kwenye shule moja ya kata yangu darasa moja lilikuwa linasomea nje, chini ya mti, na huku kwetu mvua haina ratiba. Nikaitisha michango, watu wakaniambia, "Mheshimiwa, serikali imesema bure." Hawakuwa wabaya. Hakuna aliyekuwa amewaelewesha vizuri kwamba ada kufutwa hakumaanishi jengo litaota lenyewe.

Hapo ndipo nikaenda kuomba ushauri kwa mzee mmoja wa siasa. Alikuwa amekaa udiwani mihula kadhaa, watu wanamwogopa, akiongea vikaoni hakuna anayekohoa. Akaniambia maneno matatu ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia uchungu kooni. La kwanza: "Diwani hatembezi daftari la michango, atadharaulika. Toa wewe." La pili: "Ukishanyanyua jengo, serikali itakurudishia." La tatu: "Na mambo haya mwanamke haambiwi."

Yote matatu uongo. Serikali hairudishii mtu hela aliyoitoa mfukoni mwake bila kikao. Diwani hana mfuko wa kurudishiwa. Uliopo ni Mfuko wa Jimbo, umewekwa kwa sheria ya 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Mzee alikuwa anayajua haya vizuri sana. Na miaka miwili baadaye ndipo nikajua kwamba lile duka la vifaa vya ujenzi alilonipeleka kwa mkono wake, akisema "hapa ni kwa mtu wetu", kila mfuko wa simenti niliochukua alikuwa anakatiwa chake. Nimemsamehe mambo mengine, hili bado. Mtu mzima, anajua nina watoto wanne, ananiangalia machoni ananiambia nisimwambie mke wangu, huku anahesabu mifuko!

Nikaanza ujenzi mwezi wa pili, mwezi ambao duka linatakiwa lijazwe mzigo wa masika. Mke wangu ana kaunta buku, kava gumu, anaandika kila kinachotoka. Mimi nilikuwa napita, nachota hela ya mauzo, nasema, "Andika, nitarudisha." Ninalo hilo daftari hadi leo. Kurasa za mwanzo ameandika: "Baba watoto, 300,000." "Baba watoto, 450,000, mawe." "Baba watoto, 1,200,000, fundi." Ukifungua mbele, wino umebadilika na jina pia. Ameandika "Diwani, 800,000." "Diwani, 600,000." Yaani katikati ya daftari nilikuwa nimeshaacha kuwa mume wa mwenye duka, nimekuwa mteja anayekopa halipi. Na sikuliona hilo wakati ule, nililiona baadaye nilipokaa kujumlisha. Milioni 14 na laki 6, pamoja na deni la vifaa.

Mvua zikaja. Wakulima wakaja na magunia yao kutaka mbolea ya DAP, rafu tupu. Siku moja nilikuwa nimekaa ndani nikamsikia mke wangu akimwambia mama mmoja aliyeshuka kutoka milimani kwa miguu, "Samahani mama, nenda pale ng'ambo kwa yule kijana mpya." Alisema kwa upole kabisa, akamwonyesha na njia. Mama yule alikuwa mteja wetu kwa miaka minane. Hakurudi tena, na kijana wa ng'ambo leo ana maduka mawili.

Mwezi wa saba binti yetu mkubwa akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Alikuwa shule ya binafsi, bweni. Alifika saa kumi jioni na sanduku lake kichwani, na pale barazani amekaa kijana ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemlipia ada ya chuo. Kijana akasimama kumpokea sanduku, akamwambia, "Karibu dada, baba yako ni mtu mwema sana." Binti akaniangalia, hakusema kitu, akaingia ndani. Akahamia sekondari ya kata, akasoma, leo ni muuguzi, namshukuru Mungu. Lakini jicho lile la jioni ile sijawahi kulisahau.

Boma, yaani kuta zisizo na paa, likasimama kwenye lenta. Hela imeisha, mabati yako dukani kwa deni. Nikapata wazo la kukopa benki kwa dhamana ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa huiuzi wala huiweki rehani bila ridhaa ya mwenzako. Nikampelekea mke wangu karatasi, nikamwambia, "Saini hapa." Akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, akakunja, akanirudishia: "Duka ulichukua bila kuniuliza. Nyumba umeniuliza, jibu ni hapana." Nilikasirika siku nne. Leo nalala ndani ya ile hapana.

Desemba ya mwaka huo huo, kabla ya tarehe 31, inatakiwa kupeleka tamko la mali na madeni Sekretarieti ya Maadili, maana diwani ni kiongozi wa umma. Fomu inauliza na mali za mwenza. Nikamuuliza mke wangu niandike nini upande wake. Akasema, "Andika duka. Kwenye bidhaa andika rafu."

Ungedhani basi angalau wananchi walinishukuru. Ngoja. Mwaka 2017, mkutano mkuu wa kijiji, kijana mmoja akanyoosha mkono, kwa adabu tu: "Tunaomba mapato na matumizi ya lile boma." Mtendaji akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Hakuna muhtasari, hakuna risiti kwa jina la shule, hakuna kamati ya ujenzi, hakuna kitu. Nikasema ni hela yangu. Minong'ono ikaanza nyuma kule: diwani gani ana hela hiyo? Kumbe wengi walishaamini serikali ilileta fedha za darasa na mimi nimekula nusu. Wenye kunitetea walikuwa wachache, na ushahidi wao ulikuwa mdomo kama wangu.

Mwaka uliofuata zikaja fedha za kumalizia maboma. Mhandisi akafika na futi kamba, akapima, akauliza mchoro uko wapi, nani alikagua msingi. Vipimo havikuwa vya darasa, nondo za lenta hazikutosha. Akakataa, na alikuwa na haki, maana chini ya lenta ile wangekaa watoto. Wakajenga darasa jipya pembeni, hatua ishirini kutoka kwa langu. Langu bado lipo. Ndani yake umeota mpapai, na umezaa.

Ndiyo maana nina kanuni moja, na ningekuwa na uwezo ningeiandika kwenye kila fomu ya udiwani nchi hii: shilingi ya nyumbani isivuke kizingiti kwenda kwenye kazi ya kata. Hata elfu kumi ya nia njema. Kikao kwanza, muhtasari kwanza, na mchango wako uwe sawa na wa kaya yoyote pale kijijini.

Najua utasema huko ni kukosa huruma, kwamba watu wa nyumbani wana shida. Sikiliza nilichokifanya baada ya kuungua. Kijiji kimoja kilikuwa na chemchemi juu mlimani, maji ya kushuka yenyewe kwa bomba. Safari hii sikununua hata kiunganishi kimoja. Tulianza na mkutano wa kijiji, hoja ikaja Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ni mwenyekiti wake na Mtendaji wa Kata ni katibu, kwa hiyo hoja ikishaandikwa pale ina miguu ya kwenda halmashauri. Wataalamu wakapanda kupima. Wananchi wakaahidi kuchimba mtaro, na tukaupiga kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya hatua zake. Mimi na wanangu wawili tulipewa hatua kumi kama wengine, mke wangu akaleta uji. Mawe na siku za kazi vikaandikwa na kuthaminiwa kwenye muhtasari. Mabomba yalikuja baada ya karibu mwaka mzima. Ni kweli, inachelewa, inachosha, utatukanwa kwamba diwani hana kitu. Lakini maji yanatoka mpaka leo na hakuna aliyewahi kuuliza nani kala.

Na wenye shida za mtaji waliokuwa wanajaa barazani tuliwasukuma kuunda vikundi, waombe mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kumsindikiza mtu kwa afisa maendeleo ya jamii, ukakaa naye mpaka katiba ya kikundi ikaandikika, ni utumishi kuliko elfu ishirini unayompa ili aondoke.

Sasa piga hesabu yako mwenyewe. Wakati wangu posho ya mwezi ilikuwa 350,000. Muhula ni miezi 60, hiyo ni milioni 21, toa mafuta ya pikipiki, toa misiba, toa hiyo chai. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa kwa zile fedha za UVIKO, darasa moja lilitengewa milioni 20. Wewe unajenga mawili, kabla hata hujachukua fomu. Na gharama zako za kutafuta kura zina sheria yake tangu 2010; usijiweke mahali ambapo wema wako utasomwa kama takrima.

Kuhusu kuhamisha familia, muulize mkeo. Fomu, nenda chama chako, na hakikisha ukazi wako kwenye eneo la halmashauri haubishaniwi.

Hizo tofali ulizokwisha kununua zisikuume. Nenda kwa mtendaji, omba ziingie kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, zihesabiwe mbele ya watu, ziandikwe kama mchango wako, kisha kamati ya ujenzi ichaguliwe na mhandisi aje akague huo msingi kabla haujapanda. Akisema uvunjwe, uvunjwe sasa, ungali chini. Na leo usiku mkeo akimaliza shughuli zake, kaa naye mezani umwonyeshe risiti zote, zile anazozijua na zile ulizoficha kwenye dashibodi ya gari.

Nakala ya muhtasari wetu wa mtaro wa maji bado ninayo. Nitumie PM nikupigie picha uone ulivyoandikwa.