Kabla ya kupanda mkoko, kifuate kijito hadi juu

Vijana wa mtaa wakiniambia wamejitolea kuhifadhi kijito, huwa nafurahi kwa dhati. Kisha nawaomba miche wasiiguse kwanza, wakifuate kijito kwa miguu hadi kinakoanzia.

Vijito vya huku Mikindani, Mombasa, vinamwaga maji Tudor Creek, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwenye mikoko ambamo kamba na samaki wachanga hukulia. Linalofanyika juu, linawafika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi hadi mikoko ya Mwache, hori lililo jirani, ikafa, mizizi yake ya kupumulia ikiwa imefukiwa. Ukipanda miche chini ilhali ukingo wa juu unamomonyoka, unaipandia kifo.

Basi tembeeni, na mwende na wazee. Wao ndio wanaojua chemchemi ilikuwa wapi na maji yalipita wapi kabla ya nyumba kujengwa. Mkikuta jaa, msianze kwa kulaumu. Ulizeni majirani taka zao huzolewa na nani. Mara nyingi hakuna anayezizoa. Mwenye mkokoteni akipatikana na watu wakakubaliana malipo, mmefanya kazi kubwa kuliko kujaza magunia kila Jumamosi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na tuliona nafuu, lakini nepi na chupa bado zinakuja.

Jambo linaloniuma zaidi ni kufyeka. Watu wanapenda kijito kionekane kisafi, wanakata matete yote, wanang'oa magogo, wanabaki na ukingo mtupu. Hapo mmewavunjia ndege viota, vyura na samaki wadogo mmewanyang'anya maficho, na mvua ya kwanza itaondoka na udongo. Okoteni taka kwa mkono, matete muyaache. Jirani akitaka kulima hadi majini, mwelezeni kwa upole kwamba kanuni za mazingira zinataka angalau mita 6 kila upande ziachwe.

Mkishamaliza hayo, pandeni. Mikoko yote nchini ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo zungumzeni kwanza na ofisi ya misitu. Halafu tazameni nini kilikuwa kimeota hapo. Mlilana hupenda kuelekea baharini, mkandaa hukaa nyuma karibu na nchi kavu, na mkoko wenyewe, ule wa mizizi mirefu inayoushikilia kama nguzo, huwa katikati. Mbegu yake ndefu huchomekwa moja kwa moja kwenye tope, ncha chini; ya mchu, aina nyingine ya mikoko, ni bora ianzie kitaluni.

Chagueni siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, mnapata tope pana la kufanyia kazi. Saa sita ikikaribia muwe mnatoka, kwa sababu yakianza kurudi hayangoji mtu, na watoto wakija nao wawe na mtu mzima wa kuwaangalia.