Yule mama aliyekuuliza ana nini

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilivaa miwani. Nimeona nisikujibu kwa sauti ya WhatsApp, maana nikianza kuongea nitakutetea, wewe ni mwanangu. Kwenye kuandika nina ukali kidogo.

Kwanza nikugombeze. Umeniandikia jina la yule mama, kijiji chake na namba ya kitanda. Mimi nimestaafu, na kwa mgonjwa wako mimi ni mpita njia tu. Nimeufuta ule ujumbe. Humu nitamwita yule mama, inatosha.

Nilivyokuelewa ni hivi. Mama wa miaka sitini na kitu, anatokwa damu miezi mingi, kaletwa na wanawe. Kinyama kimekatwa, majibu yamerudi: saratani ya shingo ya kizazi, na imeshasambaa. Kabla hujamfikia, mwanawe mkubwa akakuvuta koridoni: "Dokta, mama ana presha. Ukimtajia kansa atakufa papo hapo. Mwambie ni uvimbe tu." Wewe mtarajali, mwezi wa nne kazini, bingwa yuko thieta. Ukaitikia. Ulipofika kitandani yule mama akakushika mkono wa koti, akakuuliza, "Mwanangu, nina nini?" Ukamjibu, "Uvimbe, mama. Utasafishwa." Sasa unaniuliza kama ulikosea, au ndiyo mila yetu na hayo ya kumwambia mgonjwa kila kitu ni ya Wazungu.

Ulikosea.

La mila nilimalize haraka, maana nimelisikia miaka yote niliyofundisha chuo cha uuguzi. Wazungu wenyewe walikuwa wanaficha. Mwaka 1961 daktari mmoja Marekani aliwauliza madaktari wenzake 219, na karibu 90 katika kila 100 walisema kwa kawaida hawamwambii mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979 swali likarudiwa, na 97 katika kila 100 wakasema wanapendelea kumwambia. Miaka 18 tu. Hata katika maandishi ya kale ya Wagiriki yanayobeba jina la Hippocrates, tabibu anashauriwa amfiche mgonjwa mengi. Kwa hiyo usiwatwike bibi zako mzigo huo. Kuficha ni hofu, na hofu haina kabila.

Sasa la kwangu, ambalo hata baba yako sijawahi kumsimulia lote.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, zamu ya usiku, wodi ya wanawake, hospitali moja ya wilaya. Tulikuwa na mama muuza samaki wa kukaanga. Titi lilikuwa limeshachimbika, na harufu tuliipunguza kwa kusaga vidonge vya Flagyl na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Mumewe alituomba tumwambie ni jipu lililokwenda vibaya, na sisi tukasema jipu, kuanzia daktari mpaka mfagizi.

Usiku wa Jumanne, kama saa nane, akaniita. "Sista, hebu kaa." Nikakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo matroni hakulipenda kabisa. Akanieleza kwamba yeye ndiye mshika pesa wa upatu wao, wanawake kumi na wawili pale sokoni. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya mjane mmoja aliyetaka kuezeka nyumba kabla ya masika. Akataka asubuhi atumwe mtu amwite yule mjane, amwelekeze pesa zilipo. Halafu akaniuliza, "Au nisubiri nitoke?"

Lile swali, baba, halikuwa la pesa. Alikuwa ananipima. Nami nikamwambia, "Subiri, mama. Ijumaa daktari atakuruhusu." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Alhamisi alfajiri akafariki.

Pesa hazikuonekana. Wenzake kumi na mmoja walikuja msibani wakalia kweli, na baada ya arobaini wakaanza kudai. Wanawe wakaitwa watoto wa mwizi pale pale sokoni alipowalelea. Mjane hakuezeka mwaka ule. Hospitalini hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua niliulizwa nini. Mpaka leo nikipita penye karai la mafuta na samaki, nashika njia nyingine.

Basi mtu akiniambia ukweli ni dawa chungu ambayo mgonjwa anaweza kusamehewa asinywe, mimi nafikiria lile paa. Mgonjwa akiuliza ana nini, mara nyingi anataka kujua amebakiwa na muda gani wa kupanga mambo yake. Shamba la nani, deni la nani, nani hajasemeshwa tangu ile harusi. Sisi tunadhani tunamkinga na huzuni, kumbe tunamnyang'anya siku zake na kuwapa wengine waamue.

Wale watoto wake lakini usiwachukie. Wao ndio wanaolala chini ya kitanda kwenye mkeka, wanaokimbilia duka la dawa dripu zikiisha, wanaoleta uji kwenye chupa ya chai saa kumi na mbili asubuhi. Yule kijana aliyekuvuta koridoni anaogopa, na hofu yake hana pa kuiweka, akakuwekea wewe. Mkalishe. Muulize anaogopa nini hasa. Kisha mwambie maneno haya, nimeyatumia miaka mingi: "Sitamlazimisha mama kusikia. Lakini akiniuliza, sitamdanganya." Wengi wananuna, halafu wanashusha pumzi. Kubeba uongo wodini ni kazi ya usiku na mchana, nao wamechoka. Na presha ya mama, ipime, itibu, ndiyo kazi yako. Nimeona waliolia, walionyamaza siku mbili, waliogeukia ukutani. Mmoja alinirushia kikombe. Aliyekufa kwa kuambiwa sijamwona.

Tena huo uongo wako hautafika mbali. Mgonjwa huyo atapewa rufaa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Jengo la Wajerumani lile, la 1897, na toka 1996 ndiyo taasisi ya saratani. Nani pwani hii asiyejua watu wanaenda kufanya nini Ocean Road? Hata konda wa basi, ukimwambia nishushe Ocean Road, anapunguza sauti. Yule mama atashuka pale na cheti chako mkononi, atajua, na atajua kwamba wewe ulijua. Halafu atawekewa fomu ya ridhaa mbele yake. Ataridhia nini? Kusafishwa?

Lile Tamko la Geneva la 1948, ambalo viapo vingi vya madaktari vimetokana nalo, lilipofanyiwa marekebisho 2017 liliongezewa ahadi ya kuheshimu uhuru wa mgonjwa wa kujiamulia. Najua umeapa. Nilikuwepo, nimevaa kitenge kipya. Ila kiapo hakikufundishi uanzie wapi, na hapo ndipo sisi manesi tunapowazidi.

Usianzie kitandani. Umesema wanalala wawili wawili, na pazia limekatika ndoano. Ukisema pale umemwambia na jirani yake, na jioni wodi nzima itakuwa inamhurumia. Mtoe, hata kwa kiti cha magurudumu, mpaka kwenye benchi la nje. Kaa chini ya usawa wa macho yake. Faili lifunge. Muulize kwanza yeye: "Mama, mwenyewe unadhani ni nini?" Utashangaa. Mwanamke aliyetokwa damu miezi minane, akaona wanawe wote wamekuja kwa wiki moja, hata yule wa Mombasa ambaye huwa haji Idi, hahitaji patholojia. Kisha: "Majibu yamerudi. Ungependa nikueleze wewe, au kuna mtu unataka nimweleze kwa niaba yako?"

Hilo swali la pili usiliruke. Wapo watakaokwambia, "Zungumza na mwanangu, mimi nataka kupona tu." Hiyo ni haki yake pia. Hapo siri hajanyang'anywa, ameikabidhi kwa mkono wake. Juzi ilikabidhiwa bila yeye.

Akitaka kujua, mwambie kwa neno lenyewe. Usiseme "kidonda kibaya" wala "seli zisizo za kawaida". Sema saratani, kansa. Ukishasema, nyamaza. Nyinyi vijana mkishalitaja hilo neno mnaanza kumwaga mionzi, hatua ya tatu, hatua ya nne, na yeye hasikii hata moja. Ngoja aulize. Na kama hakuuliza siku hiyo, rudi kesho yake.

Kuna kosa la pili, kinyume cha hilo la kuficha, nalo nimeliona mara nyingi zaidi kuliko uongo. Raundi imejaa, bingwa na watarajali na wanafunzi, watu kumi na tatu wamesimama juu ya mtu mmoja aliyelala, na ugonjwa wake unasomwa kwa Kiingereza kana kwamba Kiingereza ni pazia. Neno kansa mgonjwa analisikia kwa lugha yoyote. Ukweli wa namna hiyo ni ukatili, hata kama kila neno ni sahihi. Ukija kuwa bingwa, nikisikia unafanya hivyo, nitakuja mwenyewe na bakora yangu.

Jambo moja usilitamke kabisa: "hakuna la kufanya." Mionzi inaweza kukausha ile damu hata pale isipoponya. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, inanywewa kila baada ya saa nne na mtu akalala usingizi wake, akaongea na wajukuu. Kuna madaktari wanaogopa kuiandika, wakidhani mgonjwa atakuwa teja. Mama wa miaka sitini na kansa mifupani, teja! Tafadhali. Na akijua ugonjwa wake atawaambia mabinti zake wakapimwe. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilipoanza nchi nzima 2018 ilikuwa ya wasichana wa miaka 14, hao wake wameshaipita.

Umeuliza kama ukirudi kusahihisha atakudharau. Labda kidogo. Bingwa wako mjulishe mapema, asubuhi kabla ya raundi, asije akakuta maji yameshamwagika. Kisha nenda kwa yule mama umwambie: "Mama, juzi uliniuliza swali, sikukujibu vizuri. Naomba unisamehe." Basi. Habari za koridoni usizilete, usimchome mwanawe. Wao watabaki pamoja, wewe zamu yako itakwisha. Akikukasirikia, pokea. Mimi yule wa samaki hakunipa nafasi ya kukasirikiwa.

Tena uliniandikia saa tisa usiku. Katika yale marekebisho ya 2017 waliongeza pia kwamba daktari ailinde afya yake mwenyewe, na hicho kifungu naona kwenu hakuna anayekisoma. Lala.

Ukishazungumza naye nitumie neno moja tu, "tayari". Lililobaki ni lake.

Baba yako anakusalimu. Dagaa nimempa dereva wa basi la Jumamosi, nimewafunga mara mbili, lakini wahi stendi, harufu itakutangulia.

Mama yako