Kwa nyinyi mnaoanza wodi: glavu haziwasafishi mikono

Wadogo zangu mnaoanza atachimenti, yaani mazoezi ya uuguzi wodini, hapa Mombasa, iwe Makadara ama hospitali yoyote ile, kuna jambo kila kundi jipya linachelewa kuliamini, nalo ni hili la glavu. Mtu akishavaa glavu anajiona yuko salama, basi atamgeuza mgonjwa huyu, avute pazia, ashike kalamu, apokee simu, halafu huyoo kitanda cha pili na glavu zilezile. Sawa wewe umejikinga, na yule mzee wa kitanda cha pili mwenye kidonda je? Mkono mtupu ukichafuka angalau utauhisi, kwenye glavu huhisi kitu ndo maana watu wanasahau. Kila mgonjwa na glavu zake, na ukivua lazima usafishe mikono, kwa sababu glavu hupata vitobo usivyoviona na joto letu hili mikono inalowa jasho mle ndani, vijidudu vinazaana tu.

Shirika la Afya Duniani limeweka nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama kuweka kanula (kamrija ka mshipani) au katheta (mrija wa mkojo), ukishagusana na damu ama majimaji ya mwili, ukishamgusa mgonjwa, na ukishagusa vitu vilivyomzunguka. Hiyo ya mwisho ndo inarukwa sana, utasikia "mimi nimefunga drip tu sijamgusa mtu", na ile stendi ya drip imeshikwa na mgonjwa usiku kucha, kabati nalo limeshikwa na jamaa waliomletea chai na mahamri. Sanitaiza sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe, usijifute kwa yunifomu. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, ama mgonjwa anaharisha, hapo ni maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Na maji ya mfereji yakikatika, maana Mombasa yanakatika, msitumbukize mikono wote kwenye beseni moja jamani, tafuteni ndoo yenye koki maji yatiririke.

Hina ya harusi mimi sina neno nayo, ila kucha ndefu, kucha za bandia, pete na bangili ziacheni nyumbani, na mikono ya nguo ipande juu ya kiwiko.

Sindano sasa. Ukishatumia usirudishe kifuniko, hata kama umeona mkubwa wako akifanya hivo, sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, iwe karibu yako kabla hujamdunga mtu, na ikifika robo tatu inafungwa, msishindilie. Ukijidunga osha kwa maji na sabuni, usiminyeminye, toa ripoti saa hiyohiyo hata kama unaogopa kugombezwa, kwa sababu dawa za PEP za kuzuia HIV zinatakiwa zianze mapema na zisipite masaa 72, halafu unameza siku 28. Hepatitisi B, ugonjwa wa ini, inaambukiza kwa sindano kirahisi kuliko HIV na chanjo yake ipo, dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu miezi 6 baada ya hiyohiyo ya kwanza, kwa hivo anzeni sai msingoje mpaka mpangiwe wodi. Na siku ya kwanza kabisa muulizeni sista inchaji, PEP usiku na wikendi inachukuliwa wapi na ufunguo anao nani.